Uzi: Kishikio cha chupa kinachocheza kwenye fremu ya baiskeli, nati yake huvutwa, haikazwi

Mpanda Vilima, Chake Chake (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Suali la vishikio vya chupa vinavyocheza kwenye fremu limekuwa likirudi humu mara kwa mara, na jibu linalotolewa karibu kila mara ni kwamba mtu akaze bolti zaidi. Jibu hilo ndilo linaloharibu fremu za watu, kwa hiyo nimeona nifungue uzi wa peke yake, nieleze kinachotokea ndani ya bomba na namna ya kukirekebisha kwa vifaa ambavyo mtu atavipata Pemba au Unguja bila ya kuagiza chochote kutoka nje.

Kwenye baiskeli nyingi za sasa, hasa zile za alumini, tundu mbili za kufungia kishikio hazikuchongwa hesi (ile mikato ya kuzunguka ambayo bolti hushikia) kwenye bomba lenyewe, kwa sababu bomba ni jembamba mno. Mabomba mengi hutengenezwa yakiwa manene kwenye ncha, pale yanapoungana na mengine, na membamba katikati, na kishikio cha chupa hukaa hapo hapo katikati. Kwenye fremu nyepesi ukuta wa bomba sehemu hiyo hufika milimita moja, au hupungua. Ukuta wa namna hiyo hauwezi kushika hesi za kutosha, kwa hiyo kiwandani hutobolewa tundu tupu, likatiwa nati ndogo yenye umbo la kijibomba. Nati hiyo ina ukingo unaobaki nje ya fremu, na kwa ndani ina hesi za bolti ya M5, yaani bolti yenye kipenyo cha milimita 5 na nafasi ya milimita 0.8 kutoka hesi moja hadi ya pili. Ikishaingizwa tunduni huvutwa kwa nguvu kuelekea nje, na sehemu yake laini iliyo ndani ya bomba hujikunja na kutanuka, hata ukuta wa bomba ukabanwa baina ya ukingo wa nje na mkunjo wa ndani. Nitaiita nati ya riveti, kwa kuwa mafundi wengi wataielewa hivyo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nati hiyo haikutiwa gundi wala haikuchomelewa. Kinachoishikilia ni mbano peke yake. Mbano ukipungua hata kidogo nati huanza kucheza, ikicheza huisaga alumini ya tundu, tundu likapanuka, na mchezo ukazidi. Sasa fikirini mtu anapoambiwa akaze: bolti ikishafika mwisho, nguvu yote ya mkono huhamia kwenye nati, na nati isiyokuwa na mbano huzunguka ndani ya tundu. Kila mzunguko unakula fremu. Nati iliyolegea imepungukiwa na mvuto ule ule iliyoupata kiwandani, basi dawa yake ni kuivuta tena.

Kabla ya yote hakikisheni ni nati ndiyo inayocheza. Fungueni kishikio, kisha rudisheni bolti peke yake kwa vidole, na mushike kichwa chake mukitikise upande huu na upande huu huku macho yakiwa kwenye ukingo wa nati. Ukingo ukitulia na bolti tu ndiyo inayocheza, hesi zimekufa, na hilo lina dawa yake. Ukingo ukisogea juu ya rangi ya fremu, au ukiona duara jeusi la vumbi laini la alumini limeuzunguka, basi nati imepoteza mbano. Mara nyengine huonekana mstari mwembamba kama unywele unaoanzia tunduni kuelekea pembeni. Futeni vizuri, mukwangue kidogo kwa ukucha, na ikiwa mstari umo kwenye metali yenyewe na si kwenye rangi tu, acheni kuipanda baiskeli hiyo, kwa sababu huo ni ufa wa fremu.

Kifaa cha kuvutia kinaundwa hivi. Tafuta bolti ya M5 yenye urefu wa milimita 35 hadi 40, na iwe ngumu, yenye alama ya 8.8 au zaidi kichwani. Bolti za chuma cha pua zinazouzwa kwa ajili ya vishikio ni laini kwa kazi hii, na hesi zake zikibanwa hukwama. Tia nati ya M5 kwenye bolti uipandishe hadi karibu na kichwa, kisha tia washa mbili zilizopakwa grisi baina yao, kisha nati kubwa ya M8, ambayo bolti ya M5 hupita katikati yake bila ya kugusa hesi zake. Nati hiyo ya M8 ndiyo itakayokalia ukingo wa nati ya riveti na kuusukuma chini. Bolti yenyewe nayo ipakwe grisi.

Ingiza bolti kwenye nati ya riveti kwa mkono. Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba hesi zinaanzia mdomoni, wakati zimo sehemu ya ndani, na ile sehemu ya juu ni ukuta mtupu uliotengenezwa ujikunje. Kwa hiyo bolti iingie hadi ishike, kisha ongeza mizunguko isiyopungua sita, la sivyo utavuta kwa hesi mbili tatu tu na utazing'oa. Halafu shusha nati ya M5 kwa vidole mpaka washa na nati ya M8 zikae sawa juu ya ukingo. Sasa shika kichwa cha bolti kwa spana ya pembe sita, ile iliyopinda kama herufi L, ya milimita 4, na uhakikishe kwamba bolti haizunguki kabisa. Kwa mkono wa pili zungusha nati ya M5 kwa spana namba 8, upande wa kukaza. Nati inashuka, haiwezi kwenda popote kwa kuwa imezuiwa na washa, basi bolti ndiyo inayopanda, nayo inapanda na sehemu ya ndani ya nati ya riveti.

Uzuri wa njia hii ni kwamba nati ya riveti haitakiwi kuzuia mzunguko wowote, kwa sababu nguvu ya kuzungusha iko baina ya mikono yako miwili. Ndiyo maana inafaa hata kwa nati ambayo tayari inazunguka bure tunduni.

Endeni taratibu. Mzunguko mzima wa nati ya M5 huvuta milimita 0.8, na nusu yake milimita 0.4, kwa hiyo nendeni robo robo. Mwanzo spana itakwenda kwa wepesi, kisha itakuwa nzito ghafla, na hapo ndipo mkunjo unapokaa upya dhidi ya ukuta. Kwa nati iliyolegea tu, mzunguko mmoja tangu uzito uanze kusikika mara nyingi unatosha, na pengine hata nusu. Fungueni kifaa, jaribuni kutikisa, na ikiwa bado inacheza rudieni robo nyengine. Kuzidisha kunazing'oa hesi, au kunaukunja ukuta wa bomba kuelekea nje, na ukuta uliokunjwa haurudi.

Baada ya hapo kishikio kifungwe kwa bolti safi zenye grisi, kwa nguvu ya nyutoni mita (Nm) 2 hadi 3 tu. Asiyekuwa na spana ya kupimia nguvu ashike spana ya L kwa mkono wake mfupi, akaze kwa vidole viwili, na aishie hapo.

Mkaazi wa Jambiani

Waalaykum salaam ndugu yangu, na shukurani kwa maelezo haya. Mimi tatizo langu limepita hapo. Baiskeli yangu ni ya alumini, nimeinunua mtumba, na bolti ya juu ya kishikio haitoki. Nikizungusha, bolti na nati huzunguka pamoja na kishikio hakifunguki. Kwa hiyo siwezi hata kuingiza hicho kifaa cha kuvutia. Nifanye nini?

Mpanda Vilima, Chake Chake

Ndugu, hali yako ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na kwa mtu anayekaa ufukweni mwa mashariki, ambako upepo wa kusi hupeperusha unyevu wa bahari hadi mabarazani, haishangazi. Nitaeleza sababu kwanza, kwa kuwa itakusaidia kuchagua dawa.

Bolti yako ni ya chuma na nati ni ya alumini. Metali mbili tofauti zikigusana, na baina yao pakawa na maji ya chumvi, hupita umeme mdogo baina yao, na ile iliyo dhaifu zaidi kwa asili yake huliwa. Hapa inayoliwa ni alumini. Inapoliwa hutoa unga mweupe, na unga huo huhitaji nafasi kubwa kuliko alumini iliyotoka, kwa hiyo hujaza hesi na kuishika bolti. Ukimulika tochi pembeni mwa kichwa cha bolti utauona. Jasho linalodondoka kutoka usoni hufanya kazi hiyo hiyo, na vinywaji vyenye chumvi vinavyomwagika kutoka kwenye chupa pia. Chuma cha pua hakimuokoi mtu hapa. Chenyewe hakishiki kutu, lakini alumini inayokigusa huliwa vile vile.

Kwanza ilaze baiskeli ili bolti ielekee juu, na utie mafuta mepesi ya kupenya. Yale ya kopo yakikosekana, mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mepesi ya mashine hufaa. Tia matone machache, gongagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo kwa upole, kisha iache mpaka kesho yake, na urudie. Usiharakishe hatua hii hata kidogo, maana kila unachokipata hapa kwa subira ni kitu ambacho hutalazimika kukipata kwa drili.

Pili, chomeka ncha ya bisibisi bapa baina ya kishikio na fremu, karibu kabisa na bolti, ukiwa umeweka kipande cha tyubu kuukuu chini yake ili rangi isichunwe. Sukuma kishikio nje kana kwamba unataka kukibandua, na wakati huo huo mwenzako azungushe bolti upande wa kufungua. Kwa kuivuta bolti nje unaubana mkunjo wa ndani wa nati dhidi ya ukuta wa bomba, na msuguano huo mara nyingi hutosha kuizuia nati isizunguke. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haikati kitu.

Ikishindikana, toa kishikio mhanga. Kikate kwa msumeno wa chuma au koleo la kukatia, kiondoke chote, ili uuone ukingo wa nati. Kishikio kipya ni rahisi, fremu si rahisi. Ukingo ukiwa umeinuka kutoka kwenye rangi, chonga kwa tupa ndogo pande mbili zinazotazamana ziwe bapa, uzishike kwa koleo la kujifunga lenyewe, kisha zungusha bolti. Rangi izungushiwe mkanda wa plasta kabla hujagusa tupa.

Drili iwe ya mwisho. Tafadhali soma ya wenzetu watakaochangia kabla hujafika huko, na uturudishie habari.

Fundi wa Wete

Assalaam alaykum. Nakubaliana na mwanzisha uzi kwa mengi, na ninataka kuongeza mawili kutokana na kazi ya kila siku.

La kwanza ni juu ya bunduki ya riveti. Watu hunijia na bunduki walioazima kwa mafundi wa madirisha ya alumini, wakidhani ndiyo ya kazi hii. Ile huvuta msumari wa riveti mpaka ukatike, na mdomo wake hauna hesi, kwa hiyo haiwezi kushika nati ya riveti. Ya kazi hii ina ncha yenye hesi inayoingia ndani ya nati kama bolti. Anayeazima aangalie mdomo kwanza.

La pili ni gundi. Mwanzisha uzi hakuitaja, lakini mimi huitumia ile ya mirija miwili inayochanganywa. Ninaipaka chini ya ukingo, ninavuta, na inashika sana. Baadhi ya wateja hata kuvuta hawahitaji, gundi peke yake inawatosha. Naomba maoni.

Mpanda Vilima, Chake Chake

Fundi wangu, la bunduki umelisema vizuri na ninakushukuru, kwa sababu nilipaswa kulitaja mapema.

Kuhusu gundi, tutakubaliana nusu. Gundi pamoja na kuvuta ni jambo jema, maana gundi hujaza nafasi ndogo iliyobaki baina ya nati na tundu, huzuia maji yasipenye, na huitenganisha nati na fremu iwapo ni za metali tofauti. Sharti ni kwamba pasafishwe vizuri kwa spiriti, pasibaki grisi wala vumbi, na iachwe ikauke saa 24 kabla ya kufunga kishikio. Lakini gundi peke yake, bila ya kuvuta, siungi mkono. Chupa ya lita moja iliyojaa ina kilo moja ya maji, na kwenye matuta na barabara za mawe uzito huo haukai kimya, bali hugonga juu na chini maelfu ya mara katika safari moja. Gundi chini ya ukingo mwembamba wa milimita mbili itapasuka, na ikipasuka ukingo unakuwa umeshika vipande vya gundi ambavyo vitaizuia nati isikae sawa siku itakapovutwa. Mteja ataondoka ameridhika, atarudi na tundu lililopanuka.

Nina neno pia kwa wanaobeba chupa ya lita moja na nusu kwenye kishikio kilichotengenezwa kwa ajili ya chupa ya mililita 750, na kwa wanaoning'iniza kufuli zito la mnyororo hapo. Nati hizo zimewekwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Mzigo uwekwe kwenye keria.

Bibi wa Mkoani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu, na baiskeli ninayokwendea skuli ni ya chuma, si ya alumini, sumaku inashika. Nati moja imetoka kabisa, na imebaki tundu. Mchomeleaji wa karibu na bandari ameniambia niilete aichomelee nati ya kawaida juu ya tundu, ni kazi ya dakika chache. Bei yake si mbaya. Nimpelekee?

Mpanda Vilima, Chake Chake

Waalaykum salaam mwalimu wetu. Ningekuomba usimpelekee kwa uchomeleaji wa umeme wa kawaida. Mtaalamu huyo bila shaka anaijua kazi yake kwenye milango na mageti, lakini bomba la baiskeli ni jembamba kuliko vyuma anavyovizoea, na joto la uchomeleaji litakitoboa au kulidhoofisha eneo linalozunguka tundu. Zaidi ya hapo, ndani ya bomba pataungua, na kutu itaanzia mahali ambapo hutapaona.

Chuma kina bahati moja ambayo alumini haina, nayo ni kwamba kinaweza kuungwa kwa shaba au fedha ya kuchomelea kwa moto wa gesi, ambapo fremu yenyewe haiyeyuki. Fremu nzuri za chuma ndivyo zinavyotiwa nati zao kiwandani. Ukimpata fundi wa gesi mwenye mkono mwepesi, hiyo ni kazi ya kudumu, ingawa utalazimika kupaka rangi upya.

Kwa baiskeli ya kwendea skuli, lakini, rahisi zaidi ni kutia nati ya riveti mpya ya M5 yenye urefu wa kawaida. Nati hiyo huhitaji tundu la milimita 7. Pima tundu lako kwa kuingiza upande wa nyuma wa biti ya drili ya milimita 7: ikiingia kwa kubana kidogo, tundu ni zima, na nati itavutwa kwa kifaa kile kile nilichokieleza juu, isipokuwa mizunguko itakuwa mingi zaidi kwa vile mkunjo unaanza upya. Chagua nati ya chuma iliyopakwa zinki, kwa kuwa fremu yako ni ya chuma, na upake rangi kidogo au gundi kwenye kingo za tundu kabla ya kuiingiza.

Na mpaka utakapoipata, usiliache tundu wazi. Masika ikianza, maji yatakayoingia hapo hayatatoka. Yatashuka hadi kwenye ekseli ya pedeli na kukaa huko. Ziba kwa mkanda au kipande cha mpira. Hili liwahusu pia wale wasiotumia kishikio kabisa: bolti ziachwe mahali pake, zisitolewe.

Msafiri wa Fuoni

Shekhe, tundu langu limeshapanuka. Biti ya milimita 7 inaingia na kucheza. Kuna mtu ameniambia nitoboe niongeze hadi nati ya M6. Fremu ni ya alumini. Pia ndani ya bomba kuna kitu kinagonga tangu nati ya zamani ilipoanguka humo.

Mpanda Vilima, Chake Chake

Ndugu msafiri, nati ya riveti ya M6 inataka tundu la milimita 9. Kutoka 7 hadi 9 si mbali kwa kuangalia, lakini unaongeza tundu kwenye sehemu nyembamba kuliko zote ya bomba linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote, na kwa alumini iliyotiwa nguvu kwa joto kiwandani hakuna namna ya kurudisha kilichotolewa. Ikiwa tundu limepanuka kidogo tu, tia nati mpya ya M5 yenye ukingo mpana, kwa gundi ya kuchanganya, na uivute, itashika. Ikiwa limekuwa la mviringo usio sawa, mimi ningeachana na tundu hilo, nikaliziba, na nikafunga kishikio kwa klipu mbili za kufungia mpira wa maji, zinazozunguka bomba, zikiwa zimetandikwa tyubu kuukuu chini yake. Umbali baina ya tundu mbili za kishikio ni milimita 64, basi klipu nazo zikae kwa umbali huo ili bolti fupi zipite sawasawa. Klipu zisikazwe mpaka zikaacha alama kwenye bomba.

Kuhusu kinachogonga: ikiwa nati iliangukia kwenye bomba la kiti, toa kiti na mti wake, geuza baiskeli juu chini na uitikise. Ikiwa ni bomba la chini la mbele, mara nyingi njia pekee ni kupitia kwenye ekseli ya pedeli, kwa hiyo subiri siku utakayoifungua kwa matengenezo. Sumaku haitasaidia ikiwa nati ni ya alumini.

Fundi wa Wete

Kwa walio na hesi zilizokufa tu, na nati haichezi: pitisheni tapu (kifaa cha kuchongea hesi) ya M5 ya hatua ya milimita 0.8 kwa mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Hesi zilizopinda hunyooka. Zilizong'oka kabisa hazirudi, itabidi nati itolewe. Msitie bolti ya M6 kwa nguvu humo, ukuta wa nati hautabaki na kitu.

Na ndugu mwanzisha uzi, nimejaribu ile ya washa mbili na nati ya M8 badala ya kipande cha bati nilichokuwa nikitumia. Mkono unakuwa mwepesi kweli. Gundi bado nitaitumia, lakini pamoja na kuvuta tu.

Mkaazi wa Jambiani

Narudi na habari. Nilitia mafuta ya taa jioni mbili mfululizo, kisha mdogo wangu akashika bisibisi chini ya kishikio nami nikazungusha. Mwanzo haikutoka, tukaongeza mafuta, na jioni ya tatu ikasikika mlio mkavu, bolti ikaanza kuja. Ilikuwa imejaa unga mweupe mpaka nusu yake. Nimesafisha kwa tapu ya kuazima, nimevuta nati kwa bolti ya kichwa cha pembe sita iliyotoka duka la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa ya spana ya L sikuipata ndefu, nikatumia spana mbili za namba 8. Mzunguko haukufika mmoja. Sasa haichezi.

Suali langu moja: nati ya bomba la kiti nayo imelegea kidogo. Njia ni ile ile? Na je, kwa fremu ya kaboni ya rafiki yangu?

Mpanda Vilima, Chake Chake

Alhamdulillah, nimefurahi sana ndugu yangu, na spana mbili za 8 ni sahihi kabisa kwa bolti ya kichwa cha pembe sita.

Ya kaboni asiivute kwa njia hii. Kaboni haikunjiki, hupasuka, na nati zake nyingi hutiwa pamoja na gundi. Afuate maelekezo ya aliyeitengeneza fremu.

Ya bomba la kiti ni njia ile ile, ila toa kwanza mti wa kiti, au uupandishe hadi upite juu ya tundu zote mbili, kwa sababu bolti ndefu ya kuvutia itaugonga na utadhani umefika mwisho wa hesi. Ukimaliza, urudishe mti kwenye urefu wako, kisha pima bolti za kishikio. Mti ukishuka hadi usawa wa nati ya juu, bolti ya milimita 16 inaweza kuugusa na kuuchora kila unapoupandisha na kuushusha, na hapo bolti ya milimita 12 itakufaa zaidi. Paka grisi kwenye bolti zote nne, za bomba hili na la mbele, na uzifungue kuziangalia kila Ramadhani inapoingia, kwa kuwa mwezi huo chupa inabaki nyumbani mchana na kishikio hakina kazi.

Nati ya chini ya bomba la kiti mara nyingi ina jirani, nao ni mshipi wa kibadilisha gia cha mbele, ikiwa baiskeli yako inacho. Ukiona nati ya M8 haikai sawa kwa sababu ya mshipi huo, legeza mshipi uuteremshe kidogo, lakini piga alama ya penseli kwenye fremu kabla hujaugusa, ili gia zirudi zilipokuwa.